Simu imekula nyimbo, sabufa inakoroma: kutafuta chanzo kabla ya kwenda kwa fundi

Miongozo mingi ya kurekebisha simu huandikwa na watu wa mahali pa joto. Ukiisoma ukiwa Dar es Salaam inakufaa: simu imepata moto, itoe juani, ipumzishe. Ukiisoma ukiwa huku Nyanda za Juu Kusini, kama Uyole ya Mbeya mwezi wa Julai, au Makete ambako umande huganda juu ya majani ya viazi, mpangilio wa sababu unageuka. Huku inatangulia baridi, unafuata unyevu, kisha milima inayokinga mawimbi ya mtandao. Joto linakuja mwisho kabisa.

Matatizo ya humu ndiyo yanayomrudia yeyote anayejulikana mtaani kuwa "anajua simu", na nimeyaita kwa maneno ya wenye simu wenyewe. Chini ya kila tatizo, sababu zimeanzia ile inayotokea sana. Fuata mpangilio huo, na badili kitu kimoja tu kila unapojaribu. Ukibadili waya, chaja na mipangilio kwa mkupuo, simu ikipona hutajua imeponywa na nini.

"Inazima ikiwa na asilimia 30"

Hili ni tatizo la msimu, Juni hadi Agosti. Betri ya lithiamu hutoa umeme kwa kemikali, na kemikali hizo huzubaa kwenye baridi. Simu ikihitaji umeme mwingi ghafla, labda kamera imefunguka au inahangaika kutafuta mnara, volti zinaporomoka na simu inajizima kujilinda ilhali chaji bado imo. Betri mpya huvumilia. Inayoumbuka ni iliyochoka. Betri nyingi za simu zimeundwa zibaki na karibu asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi ya kuchaji (baadhi ya simu za karibuni hufika 800 au 1,000), na simu inayojazwa kila siku inaimaliza mizunguko 500 kabla ya miaka miwili.

Jaribio lake halina gharama. Simu ikizima, iweke mfuko wa ndani wa koti kwa robo saa, kisha iwashe bila kuichaji. Ikiwaka ikionyesha asilimia 25 au zaidi, umeshapata jibu: betri imechoka na baridi imeifichua. Unaweza kuendelea nayo hadi Septemba ukiibeba karibu na mwili, au ukaibadili. Ikiwaka ikisoma asilimia 2, basi kipimo ndicho kilichokuwa kikidanganya. Ichaji hadi 100, itumie mpaka izime yenyewe, ichaji tena hadi mwisho bila kukatiza. Fanya hivyo mara moja tu, maana kuimaliza betri kabisa kila wiki ni kuizeesha.

Kama inazima hata mchana wa jua pale Mwanjelwa, hesabu betri imekwisha, au uliyowekewa mara ya mwisho ni feki. Betri yenye umbo lilelile la ya zamani lakini imeandikwa uwezo mara mbili, usiamini maandishi yake.

Mambo mawili usifanye. Usiipashe simu moto karibu na jiko la mkaa. Na usiichaji ikiwa ya barafu: chini ya nyuzi 0, lithiamu hushindwa kupenya upande hasi wa betri na badala yake hutandaa juu yake kama chuma, na uharibifu huo haurudi nyuma. Simu iliyolala ndani ya gari kule Kitulo iache nyumbani hadi mgongo wake upoteze ubaridi, ndipo uchomeke chaja.

*Simama hapa:* mfuniko umeinuka, kioo kimeachana na fremu, au kuna harufu tamu ya kemikali. Betri imevimba. Zima simu, usiichaji, usiibonyeze irudi ndani, usiitoboe. Iweke juu ya saruji mbali na vitu vinavyoungua na umpelekee fundi ikiwa imezimwa. Wanaoitoboa kwa sindano "itoe upepo" wanacheza na moto, kwa maana halisi.

"Chaji haiingii" au "kioo kinajibonyeza chenyewe"

Ukitoka nje kwenye ukungu ukaingia jikoni ambako maharage yanachemka, mvuke hugeuka matone juu ya kitu chochote baridi, simu ikiwemo. Matone hayo huingia tundu la chaji na chini ya kava. Watu wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla wanalijua hili karibu mwaka mzima, maana mvua ya kule haina adabu.

Anza kwa kuvua kava na kuifuta simu kwa kitambaa kikavu. Ikiwa kioo kinaonyesha alama ya tone la maji, shika simu tundu likiangalia chini, igonge taratibu kwenye kiganja, kisha iache penye hewa inayopita kwa nusu saa au zaidi. Mchele wa Kyela uache kwa ajili ya chungu. Hauvuti maji yaliyo ndani ya simu kwa namna ya maana, na vumbi lake linaziba tundu; mwaka 2024 hata Apple iliwaandikia wateja wake waache kuzika simu kwenye mchele.

Kama hakuna unyevu, sababu inayofuata ni nyuzi za mfukoni. Waya wa chaja usipoingia hadi mwisho, au ukining'inia ovyo, mulika ndani kwa tochi. Zima simu, chukua njiti ya meno ya mti, kwangua taratibu kwenye pembe za tundu. Sindano na pini hapana, zinakwaruza miguu ya shaba. Baada ya hapo jaribu waya mwingine, kisha chaja nyingine. Tundu lililolegea hata baada ya kusafishwa ni kazi ya fundi, na mara nyingi si kazi ya bei kubwa.

Simu iliyotumbukia kabisa kwenye maji ni suala jingine: izime, toa laini na memori kadi, na usijaribu kuiwasha "kuona kama ipo hai". Huko kuiwasha ndiko kunakoiunguza. Ipeleke siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.

"Simu imekula nyimbo zangu"

Mara nyingi simu haijala kitu. Fungua programu ya mafaili, sio kicheza muziki, utafute folda yako. Ukiziona faili na ukizigusa zinaimba, tatizo ni la kicheza muziki. Hapo kuna sababu tatu, kwa mpangilio huu:

- Ruhusa. Kuanzia Android 13, ruhusa ya muziki na sauti ni tofauti na ile ya picha. Ukikataa mara moja wakati wa kufungua programu mpya, haitaona hata wimbo mmoja. Nenda kwenye mipangilio ya programu hiyo, upande wa ruhusa, uikubalie.
- Faili iitwayo .nomedia ndani ya folda. Ni faili tupu isiyo na kitu, kazi yake ni kuiambia simu "humu usitazame". Programu nyingi huiweka kuficha picha zao ndogondogo, na ukihamishia nyimbo kwenye folda kama hiyo nazo zinafichwa. Washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa, ifute, kisha zima na kuwasha simu.
- Nyimbo ulizotumiwa WhatsApp. Tangu mabadiliko ya hifadhi ya Android 11, folda ya WhatsApp ilihamia ndani ya Android, kisha media. Wengi wanaitafuta ilipokuwa zamani na kudhani imefutika.

Ikiwa majina ya nyimbo yapo lakini ukizigusa zinakataa, au zinaimba nusu kisha kimya, shuku memori kadi feki. Hii ni balaa ya soko na inastahili kuelezwa vizuri. Ndani ya kadi kuna kidhibiti kidogo kinachoijulisha simu ukubwa wa kadi. Mtengenezaji wa feki anachukua kadi ya GB 8, anakifundisha kidhibiti kiseme GB 128, anabandika maandishi mapya, kadi inaingia sokoni. Wimbo wa kwanza hadi wa elfu kadhaa unakaa salama. Ukivuka ujazo wa kweli, simu inaendelea kuandika majina, ila sauti yenyewe inamwagwa hewani au inafuta za mwanzo. Ndiyo maana kadi hizi "hufa" mwezi wa pili na si siku ya kununua. Njia ya kuzibaini ni kuijaza yote na kuisoma tena: kwenye kompyuta ya Windows tumia programu ya bure H2testw, kwenye Linux ipo F3. Jaribio hilo linachukua saa nyingi kwa kadi kubwa, na ufanye kadi ikiwa mpya, haina kitu. GB 128 kwa bei ya soda mbili ni jibu tosha hata kabla ya kupima.

Sababu nyingine: uliitumia kadi kama hifadhi ya ndani ya simu ya zamani. Android ikiitumia hivyo inaifunga kwa ufunguo uliomo kwenye simu ile tu. Ukiihamishia simu mpya utaambiwa uifomati, yaani ufute vyote vilivyomo. Usikubali. Irudishe kwenye simu ya zamani, hamisha nyimbo kwa kompyuta, ndipo ufomati.

Na mwisho kuna nyimbo ambazo hazikuwa zako tangu mwanzo. Ulichopakua ndani ya Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021, si faili la kurusha kwa jirani. Kimefungwa ndani ya programu. Usipoingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, au malipo yako ya mwezi yakikatika, kinapotea. Huduma nyingine za kulipia zina masharti ya aina hiyo. Kwa anayekaa kijijini kusiko na mtandao hili ni jambo la kulijua kabla ya kulipa, na mimi binafsi wimbo ninaoupenda sana naununua kama faili.

*Simama hapa:* kadi yenye picha ambazo huna mahali pengine ikianza kuomba ifomatiwe, itoe. Usiandike kitu kipya juu yake, usijaribu programu tano za kurejesha mafaili kwenye simu ileile. Kila kinachoandikwa kinafunika kilichopotea. Mpe mtu mwenye kompyuta na uzoefu wa kurejesha data.

"Mwimbaji amepotea, ngoma zimebaki"

Hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Mtu anachomeka hedfoni au waya wa AUX kwenye redio, anasikia gitaa, vinanda na kibwagizo kwa mbali kama vile vipo shimoni, ila mwimbaji hayupo. Anafuta wimbo, anapakua mwingine, yaleyale. Simu nzima, wimbo mzima.

Muziki wa kushoto na wa kulia husafiri kwa nyaya mbili, na zote zinarudi kupitia waya mmoja wa pamoja. Waya huo wa kurudi ukikatika au usipogusa, spika mbili zinajikuta zimeungana mfululizo, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Studio humweka mwimbaji katikati, sawasawa pande zote mbili. Ukitoa kushoto kutoka kulia, anabaki sifuri. Besi nayo kwa kawaida huwekwa katikati, kwa hiyo inaondoka naye.

Angalia hivi:

Sukuma jeki hadi isikike "tap". Vua kava la simu kama ni nene, kwani kava nene huzuia jeki kufika mwisho. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Hesabu mistari myeusi kwenye jeki. Mitatu ni ya hedfoni zenye maiki, miwili ni ya redio na sabufa za kawaida. Jeki ya mistari mitatu ndani ya redio ya kizamani inaweza kugusisha maiki mahali pa waya wa kurudi. Bonyeza na kushikilia kitufe cha maiki: mwimbaji akirudi ukiwa umekishikilia, umeshajua kasoro ni ya jeki. Nunua waya wa mistari miwili.

Chezesha waya karibu na jeki. Sauti ikija na kuondoka, waya umekatika ndani. Kuuchomelea jeki mpya kunawezekana ila kwa hedfoni za bei ya chini ni afadhali ununue nyingine.

Kama ni sikio moja tu lisilosikia, kabla ya yote tazama mipangilio ya usaidizi wa walemavu kwenye simu. Humo kuna mstari wa kusogeza sauti kushoto au kulia, na vidole vya watoto huwa vinaufikia.

"Flashi haisomi kwenye bajaji"

Flashi inaimba kwenye kompyuta, kwenye redio ya bajaji au ya daladala inaandika haina faili. Kwanza angalia mfumo wake wa kupanga mafaili. Redio nyingi za bei nafuu zinaelewa FAT32 tu. ExFAT na NTFS kwao ni kiza. Flashi zinazozidi GB 32 mara nyingi huuzwa zikiwa exFAT, na dirisha la kawaida la kufomati la Windows limezoea kutokutoa FAT32 kwa ukubwa huo. Dawa rahisi ni kununua ya GB 32 au chini. Kwa MP3 ya kiwango cha kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde), ambako wimbo wa dakika 4 una karibu MB 4, inabeba nyimbo zipatazo 8,000. Hakuna safari ya Mbeya hadi Tunduma inayohitaji zaidi.

Kama baadhi zinaimba na nyingine zinarukwa, tazama asili yake. Programu nyingi za kuchota sauti kwenye YouTube hubandika jina la mp3 juu ya faili ambalo ndani ni aina nyingine ya sauti, AAC au Opus. Simu ni janja, inatambua. Redio inaamini jina na kushindwa. Zibadilishe kwa programu halisi ya kubadilisha sauti, kubadili jina la faili hakusaidii. Na usihangaike kuigeuza MP3 ya 128 kuwa 320: inanenepa mara mbili na nusu bila kuongeza sauti hata chembe, maana kilichokatwa mwanzoni hakirudi.

Nyimbo kupigwa bila mpangilio si ubovu. Redio hizi hufuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa. Zipe namba mwanzoni mwa jina, futa zilizomo, nakili upya.

"Wimbo unakatika"

Uliza kwanza: unakatika lini?

Ukikatika kioo kikizima, muuaji ni simu yenyewe. Simu nyingi zinazouzwa huku zina programu ya kuokoa betri au "kusafisha", ambayo huua chochote kinachofanya kazi nyuma ya pazia. Nenda mipangilio ya betri, tafuta kicheza muziki chako, kiondolee vikwazo. YouTube ya bure ni tofauti, kunyamaza kioo kikizimwa ni masharti yake.

Ukikatika ukiwa njiani, ni milima. Kwenye miteremko ya Kitonga, au bonde lolote ambalo kilima kimesimama kati yako na mnara, hakuna mpangilio wa simu utakaosaidia. Pakua nyimbo kabla ya safari, ukiwa kwenye mtandao mzuri. Ukilazimika kusikiliza moja kwa moja, shusha ubora: kwa kbps 96 saa moja inakula karibu MB 43, kwa 160 ni MB 72, kwa 320 ni MB 144. Anayelalamika kwamba bando linaisha kwa muziki, mara nyingi anachezesha video ambayo hata haitazami.

Ukikatika kwenye spika ya Bluetooth tu, hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma. Mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji hunywa mawimbi ya GHz 2.4. Halafu hakikisha simu nyingine ya ndani ya nyumba haijaungana nayo. Isipopona, futa muunganisho pande zote mbili uanze upya.

"Sabufa inakoroma"

Mkoromo wa "trr-trr-trr" unaotangulia simu kuita unatoka kwenye mawimbi ya 2G. Simu ikiwa kwenye 2G hurusha kwa vipande mara 217 kwa sekunde, na nyaya za sabufa hunasa mapigo hayo. Tena 2G inaruhusiwa kufika wati 2, wakati 4G huishia karibu wati 0.2, na pale mnara ulipo mbali simu hupaza nguvu zaidi. Sogeza simu mita moja kutoka kwenye sabufa, au kama 4G inapatikana, ichague.

Mngurumo usiokatika unaoanza ukichomeka chaja ni wa chaja. Chomoa chaja, piga muziki kwa betri. Ukinyamaza, tafuta chaja bora. Besi iliyokufa baada ya kuhamisha spika kwa kawaida ni nyaya nyekundu na nyeusi zilizogeuzwa kwenye spika moja. Zima umeme wa sabufa, zirudishe mahali pake.

Msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma upande wa mlima Loleza, chomoa sabufa na chaja ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

*Simama hapa:* usiifungue sabufa. Ndani mna umeme wa volti 230 na kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Harufu ya kuungua, moshi, au fyuzi inayokatika kila ukiibadili ni kazi ya fundi wa redio, na kubadili fyuzi kwa kipande cha waya ni namna ya kuchoma nyumba.

Ukilazimika kumwachia fundi simu

Nakili kwanza picha na nyimbo. Toa laini na memori kadi uondoke nazo, fundi hazihitaji kubadili betri. Piga *#06#, andika namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye karatasi, na uilinganishe siku ya kuchukua. Namba ya siri ya pesa za simu hapewi mtu. Akihitaji kufungua kioo kujaribu, kaa hapo umfungulie mwenyewe. Na mweleze dalili, usimweleze tiba: "inazima asubuhi ikiwa na 30, mchana haizimi" inamfaa kuliko "nibadilishie chaji".